Kamba ya Nguo

Shati la Cathal nalianika ndani,
juu ya jiko, kati ya soksi na vitambaa vya vyombo.
Mwaka mzima linanuka vitunguu.
Nje, upepo wa Tyrone ungelikausha kwa saa moja,
lakini kamba ya nguo ni gazeti
na mtaa wetu unasoma.

Walisema polisi sasa ni wapya.
Jina jipya, beji mpya:
kinubi, taji, mizani, jani la mzeituni,
vyote vimebanana kwenye kipande cha bati
kama wageni wa harusi wasiosemezana.
Mnara wa ulinzi ulibomolewa kwa siku mbili.
Ukuta wakaubakiza.
Meza ya mapokezi ni ileile; Eunan anaijua,
alilazwa kifudifudi juu yake
mwaka ambao hatuutaji.

Kwa hiyo mwanangu alipoleta fomu
baba yake hakugomba.
Alitoka kwenda kukamua,
na ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa.

Kwenye klabu ya mpira hawakumfukuza.
Waliacha tu kumpasia.

Kila alfajiri anapiga magoti kando ya gari
na kioo chenye mpini mrefu, anachungulia uvunguni.
Kanisani sijamwona akipiga magoti hivyo.
Mimi nasimama dirishani na birika, nahesabu
hadi injini iwake.
Ndipo nakumbuka kupumua.

Mwezi wa tatu alitutembelea sajenti wake, Mervyn Gilfillan,
mtu wa enzi zile, aliyekuwa akitusimamisha barabarani
kutuuliza majina tuliyompa jana yake.
Alikaa kiti cha mlangoni. Hakujua kofia aiweke wapi.
Nilimmiminia chai, na mkono haukutetemeka;
hilo nilijivunia.
Akasema, "Kijana wenu anaandika taarifa vizuri."
Eunan akauliza, "Na zile zetu, za zamani, ziko wapi?"
Sajenti akaikoroga chai isiyo na sukari.

Haba na haba, wanatuambia mikutanoni.
Kibaba ni cha nani, hawasemi.

Jana jiko lilizimika.
Nikalitoa shati nje, nikalibana
katikati ya mashuka mawili.
Upepo ukayafunua.

Ng'ambo ya ua, Rosaleen McGurk alikuwa akichimbua viazi.
Akainuka. Akainua mkono.
Jua lilikuwa linampiga usoni;
sijui kama alinisalimu
au alikuwa anakinga macho.