Kadi ya Kumi na Saba

Al-Khoudh, saa nne usiku, kiyoyozi kinakohoa.
Zuwena kachanganya kadi, kagawa kama karata,
ila hizi hazina turufu, zina maswali.

Ghalib, ambaye neno lake la mwisho kwangu
lilikuwa "funga mlango," siku tulipogawana nyumba ya mama,
kavuta yake, kaisoma kimoyomoyo,
kailaza kifudifudi.

"Pita," tukamwambia, "sheria inaruhusu."
Hakupita.

Imeandikwa: Aliye kushotoni kwako anaogopa nini?
Kushotoni kwake nimekaa mimi.

Akanitazama kama asomaye mita ya umeme kwa kurunzi.
"Simu," akasema. "Simu ikilia alfajiri."

Akipatia, mpe alama moja.
Nikaitafuta kalamu, mezani, chini ya zulia.
Ilikuwa mkononi.