Spika ya Kulia

Karakana yangu iko Mabela, nyuma ya mafundi viti vya magari:
mlango wa bati, na kiyoyozi kinachodondokea
ndoo ya rangi. Ndoo ikijaa, najua ni adhuhuri.

Mbao ni za mkunazi uliong'olewa Rustaq
walipopanua barabara. Nimezianika kivulini miaka miwili,
maana jua la huku halikaushi, linapasua.
Kabla ya msumeno naugonga ubao kwa kifundo cha kidole,
hodi,
na usioitika naurudisha ukutani.

Mama hunipigia kutoka Nizwa, kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo:
"Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu.
Ndiyo kazi uliyosomea hiyo?"
Ndiyo, mama. Utupu naupima kwa lita,
kumi na mbili na nusu,
na tundu la nyuma, upana wa kikombe cha kahawa,
ili besi ipate pa kupumulia.

Harub bin Suweid, mpiga udi, alichukua mbili mwezi wa Shaabani.
Wiki haijesha, akairudisha ya kulia,
kaipakata kama mtoto aliyesinzia garini.
"Inanisifu mno, binti.
Kidole changu cha pete hakifiki tena pale kinapotakiwa.
Mimi najua. Spika yako inanifichia."

Nikaifungua. Nikapunguza sufu niliyoishindilia ndani,
Shafiqul kashika taa, hasemi kitu.
Harub akasikiliza. "Bado ina adabu."
Nikakwangua vanishi niliyoipaka mikono saba,
nikatoa kitambaa cha mbele, koni ikabaki uchi.
"Bado."
Siku ya tatu nikang'oa hata gango la mgongoni,
lile nililojivunia kuliko yote.

Shafiqul akazima kiyoyozi ili tusikie.
Harub akapiga.
Ikatoka ncha ya kidole ikiparuza uzi,
ikatoka pumzi yake, puani,
kisha ile sauti ikakosa mahali pake, kidogo tu,
kama mtu anayedhani ngazi zimekwisha
na bado imebaki moja.

Tulikuwa tunavuja jasho, sote watatu.
Akairudia pale pale. Akakosa tena.
Akauliza bei ya matengenezo.
Nikamwambia bei ya kuharibu sijaipanga.

Ya kushoto hakutaka niiguse.
"Hiyo," akasema akitafuta ufunguo wa gari,
"ya wageni."