Bua la Pembe Nne

Jumamosi, jua halijawa kali,
tunakutana watano nyuma ya karakana ya Kaseba,
barabara ya Kipushi. Mimi nauza mega na vocha,
Kaseba anachomelea mageti, Mwadi ni muuguzi,
hutoka zamu ya usiku na macho mekundu
na chapati mbili za kugawana.
Hatulipwi. Mume wa Mwadi bado anauliza
ni kazi gani hiyo, kupiga picha magugu.

Tunapiga picha magugu.
Jani juu, jani chini, ua kwa karibu,
kidole kando yake kuonyesha ukubwa.
Cha Kaseba kina kovu la moto;
watu wa mbali hukitambua kabla ya mmea.
Usiku, mega zisizonunuliwa
zinapandisha picha moja moja,
polepole, kama mtu mwenye ndoo kwenye ngazi.

Lile la kwanza niliandika: ua la buluu, sijui.
Kulipokucha, mtu nisiyemfahamu ameuliza:
bua ni la mviringo au la pembe nne?
Ukilisugua, linanukia?
Nikarudi kule kwa miguu, nikalisugua.
Pembe nne. Harufu ya mvumbasha, yenye uchungu kidogo.
Akanipa jina refu la Kilatini, nikalikariri njiani
hadi ulimi ukachoka.
Mama akatazama simu, akacheka:
"Hilo? Hilo huota penye shaba.
Wafua shaba wa kale walilifuata
kama mbwa na mfupa."

Basi penye kisanduku cha *mahali*
kidole changu kikasita.
Kilima chenyewe kidogo, hakina hata mti,
unakizunguka kabla wimbo mmoja haujaisha redioni.
Nikaandika *Lubumbashi*.
Mji mzima huo. Watafute.

Wiki ya tatu tukakuta vigingi
vyenye utepe mwekundu, kamba toka hiki hadi kile,
kimoja kimepigiliwa katikati ya kichaka cha buluu.

Nilificha. Kaseba, wewe uliniona nikificha.

Kaseba akajikuna kovu.
Mwadi akakata chapati vipande vitano, 
kimoja kikubwa kuliko vingine, akanipa mimi.

Tukapiga picha maua yote, hata yaliyokanyagwa,
kisha, sijui kwa nini, kigingi,
na kidole kando yake kuonyesha ukubwa.
Usiku nikakipandisha. Simu ikauliza:
mmea, mdudu, au ndege?

Nilikuwa bado nachagua mega zilipokwisha.