Maoni Kuhusu Behewa la Mbao

Lililetwa usiku, kwa lori, vipande vitatu,
likaungwa ndani ya ukumbi wa baraza la jiji, Edmonton,
nje nyuzi thelathini chini ya sufuri:
behewa la treni nyepesi lisilo na gurudumu hata moja,
pua ya plastiki, mbavu za mbao,
rangi ingali inanuka.

Mimi nimeajiriwa siku tano nishike kalamu.
Fomu ina safu nne: Uso. Rangi. Viti. Mengineyo.
Jiji linataka kujua.

Basi waje.

Bibi Orysia Hnatiuk, koti mpaka vifundoni,
analizunguka kama anunuaye ng'ombe kwa muuzaji asiyemwamini.
"Lina uso wa pasi. Andika. Pasi ya umeme."
Kijana nyuma yake anabisha: si pasi, ni papa kibogoyo.
Mwingine, kofia ya pikipiki.
Mwingine, kiatu cha daktari.
Bibi hawasikilizi. "Marehemu mume wangu
aliendesha yale ya zamani, uso bapa kama mkate.
Hayakuwa mazuri. Lakini hayakujifanya
yanakimbia nayo yamesimama."

Mtoto anauliza mdomo uko wapi.
Namwonyesha mlango. Anaridhika.
Ndiye peke yake leo.

Kuhusu rangi nusura watu wavuane glavu.
Buluu, wasema hawa; nyekundu, wale;
Gurdev Sandhu, fundi bomba, anawakata kauli:
"Pakeni mtakavyo. Ikifika Machi,
chumvi na tope la theluji vitachagua kahawia."

Marivic Dimaculangan ametoka zamu ya usiku hospitalini.
Uso hautazami. Anaketi, anavua kiatu kimoja,
mguu unaning'inia, hauifikii sakafu.
"Aliyechora kiti hiki ana miguu mirefu
na kazi ya kukaa."
Nauliza niandike hivyo hivyo.
Amekwisha sinzia.

Bwana Wray, asiyeona, anapapasa ukuta pole pole.
"Uso? Sina habari nao. Lakini kitufe cha mlango
kipo pale mkono wangu unapokwenda wenyewe.
Mwambieni aliyekiweka
kwamba nimemwona."

Alhamisi, saa ya kufunga, Leander Cardinal.
Begi lake, blanketi lake, ndevu zenye barafu inayoyeyuka.
Anajaribu kiti. Anajaribu kujinyoosha.
Katikati ya viti viwili kuna chuma, kimepindwa vizuri, kinang'aa.
"Hiki cha nini?"
Mbunifu, miwani myembamba, anajibu kwa adabu:
"Cha kupumzishia mkono, bwana."
"Mikono yangu haijachoka."

Niliandika chini ya Mengineyo.
Sikujua pengine pa kuandika.

Ijumaa asubuhi chuma hakipo.
Matundu manne kwenye mbao, safi, bila mkwaruzo.
Mlinzi hakuona kitu.
Anselm Pruden, seremala aliyelijenga behewa,
anafuta mikono kwa makini kupita kiasi.

Jioni nikafungua sanduku la maoni, nikahesabu:
pasi arobaini na moja, papa thelathini na nane,
buluu imeshinda kwa kura sita,
mmoja amechora paka,
mmoja anataka nauli ishuke, akapiga mstari mara tatu.
Na chini kabisa, skrubu nne.

Nikazipima kiganjani.
Zimeandikwa na nani, hazisemi.
Kwenye safu ya Viti nikajaza:
maoni manne, bila jina.

Ukumbi ulikuwa mtupu, taa nusu zimezimwa.
Nikavua buti, nikajilaza pale palipokuwa na chuma,
mara moja tu, nione.

Dari wameipinda taratibu kama kiganja,
mbao zake hazijapakwa chochote,
na fundo moja la mti limebaki wazi, jekundu kidogo, juu ya kichwa changu.
Fomu mia mbili na kumi na saba.
Hakuna aliyeitaja dari.