Nyuzi

Miaka ishirini na sita nilitunza boila
katika kiwanda cha sukari, kule tambarare chini ya Moshi,
nikisoma geji kama wengine wasomavyo gazeti:
mshale ukishuka, naongeza makapi ya miwa,
ukipanda, nafungua mvuke upige mluzi.
Sikuwahi kuunguza kitu.

Basi Aikande alipoteleza sokoni Mbuyuni
akavunjika nyonga,
na daktari akasema wiki kumi na mbili asisimame,
nilivaa aproni yake bila hofu.

Oveni aliileta binti yetu, Ndeninsia.
Mwaka mzima ilikuwa kabati la masufuria.
Ina vifundo viwili: kimoja cha namba,
kingine cha picha zisizosema neno:
mstari juu, mstari chini, mistari yote miwili,
na kitu kama panga boi.
Namba ndizo nyuzi, kilisema kijitabu chake.

Siku ya kwanza, jogoo.
Moto ni moto, nikasema, nikazungusha hadi mwisho.
Dakika arobaini: nje, lami ya barabara ya Himo;
ndani, nilipochana paja, damu.
Aikande, mguu juu ya stuli, aliitazama sahani kwa muda.
"Umemvalisha koti," akasema, "shati hujamshonea.
Ulitumia nyuzi ngapi?"
Mia mbili na hamsini.
"Hata shela ya bi harusi haili nyuzi hizo."

Yeye ni fundi cherehani.
Uzi wa jinzi ukiupitisha kwenye hariri
hushoni, unachana.

Nikaanza upya, na daftari la shule mezani.
Mkate: mia mbili na ishirini mpaka ushtuke na kuumuka,
kisha shusha, uive taratibu.
Sato: mstari wa juu peke yake, dakika sita,
na mgeni akibisha hodi, asubiri.
Panga boi ni la karanga; zinakauka
hata zile zilizojificha kwenye kona ya sinia.
Paja la mbuzi: mia moja na arobaini, limefunikwa,
masaa manne, ibada yote ya redioni pamoja na matangazo,
uniti za LUKU zikidondoka moja moja,
hadi nyama inajivua mfupa
kama mtu avuavyo viatu mlangoni.

Keki ndiyo iliyonishinda.
Chini makaa, juu uso wa mgonjwa.
Nilishaikatia tamaa, hadi usiku mmoja nikamwona mama,
kule Uru, akioka kwenye sufuria:
mchanga ndani, makaa machache chini,
mengi juu ya mfuniko,
kiganja chake kikielea juu yake bila kugusa,
midomo ikihesabu.

Mstari juu, mstari chini.
Kumbe picha ile ni makaa!
Na mimi, mtu wa mageji, nilikuwa nasoma namba tu.

Jana niliiingiza: mistari miwili, mia moja na sitini na tano.
Dakika ya ishirini umeme ukakatika,
Pasua yote ikazama.
Mkono wangu ukaenda kwenye mlango wa oveni.
"Acha," akasema Aikande gizani.
Umezima, nikamwambia.
"Umeme ndio umezima."

Akasogeza kiti kwa mguu mzima,
ule mbovu akauegesha karibu na kioo,
maana Julai hii baridi inaingia mpaka kwenye vyuma vya daktari,
akaanza kuhesabu polepole
kama ahesabuvyo mishono ya pindo.
Mia tisa na kitu, akasinzia.
Nikamalizia mimi.

Imebonyea katikati kama godoro la bweni.
Tulianzia pembeni, palipoiva,
kwa mwanga wa simu,
na tulipofika katikati
tukachukua vijiko.