Sita na Nusu

Eilif hakuniuliza nataka bunduki ya namna gani.
Aliniuliza bega lipi linauma.
Nikamwonyesha la kulia, lililoteguka
mwaka ule wa barafu, mlangoni pa zizi la kondoo.
Akaguna. Akaandika kitu kwenye ubao wa msonobari
kwa penseli aliyoitafuna nusu.

Karakana yake iko mwisho wa barabara, juu ya Folldal:
chuma, mafuta ya kitani, kahawa inayotokota tangu alfajiri.
Mitutu mitupu imesimama pembeni
kama wageni wasioambiwa waketi.
"Haya, Gudveig. Kipenyo."

Kaka yangu Tarjei alikwisha kunichagulia.
Mia tatu, alisema, ile yenye ganda refu,
inayopiga teke kama farasi aliyeumwa na nzi.
"Upepo hauijui hiyo. Utatoboa karatasi mita elfu moja,
na reinidia atalala kabla hajausikia mlio."
Tarjei huongea hivyo. Hata akiomba chumvi mezani
huitaja na umbali wake.

Mimi nilikuja na hesabu zangu
katika daftari la shule la binti yangu, nyuma ya kurasa za jiografia.
Saba: nzuri, ila risasi zake huku kwetu
leo zipo, kesho rafu tupu.
Sita kavu: tamu, haina teke, karatasi inaipenda,
lakini nyama si karatasi.
Sita na nusu
ndiyo ya baba, ya babu, ya kila mzee wa bonde hili
aliyewahi kulala kifudifudi mlimani akazuia pumzi.
Niliiona imezeeka kwa sababu nilizaliwa karibu nayo.

Wanasema mshika mbili moja humponyoka.
Nami nataka moja inishikie mbili:
karatasi ya Julai, nyama ya Septemba.

Eilif akakoroga kahawa kwa bisibisi.
"Karatasi ukiikosa, unafanya nini?"
"Najaza tena."
Swali la pili hakuliuliza.

Bonde zima linalijua.
Septemba iliyopita, mita mia saba na arobaini,
Tarjei kalala juu ya jiwe, jicho kwenye darubini,
mimi namsomea upepo: kushoto, mbili, sasa tatu.
Nilikuwa nikitazama nyasi za upande wetu.
Ng'ambo ya bonde upepo ulikwisha geuka.
Dume akajikunja, akasimama, akaondoka
bila haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.
Tulifuata matone hadi giza, na kesho yake tena,
matone madogo juu ya theluji ya kwanza,
mpaka theluji ya pili ikaja ikafunga daftari.

Risasi haikukosea. Ilikwenda ilikoambiwa iende.
Ilikuwa mia tatu.

"Sita na nusu," nikasema.
"Ganda la zamani au lile jipya, fupi?"
"La zamani. Nina kopo zima la baba, bado yanang'aa."
Ndipo akachangamka, akaanza kusema na mikono:
mtutu wa sentimita sitini na tano, mzito kiasi,
mifuo ya ndani izunguke mara moja kila inchi nane
ili risasi ndefu isiyumbe,
kitako cha mwalnati, mpira laini kwa ajili ya bega.
"Elfu moja kwenye karatasi utafika," akasema. "Kwa shida, utafika."

"Na hapa," nikagusa kitako, mahali shavu litakapolala,
"nichongee namba. Mia tatu na hamsini."
"Namba ya nini?"
"Ya Septemba."

Akanitazama muda.
Nje, mvua iliyochanganyika na theluji
ilikuwa ikijaribu paa, bati moja baada ya jingine.
Tarjei sijamwambia. Ataiona mwenyewe
siku atakayoniazima, akiinamisha shavu.

Eilif akachukua penseli, akaitafuna, akaandika.
"Kuchonga," akasema, "ni bei nyingine."