Siku ya Ziada

Bi Nambunga aliingia na mwavuli unaochuruzika,
akaweka mezani bahasha ya kaki:
mnada wa pili wa korosho, wote,
na deni dogo kwa ahadi ya mnada wa tatu.
"Meli inaondoka Durban Ijumaa, saa kumi jioni.
Nikatie ndege ya Ijumaa, asubuhi."

Nikafungua kalenda.
Kazi yangu ni hiyo, kuuza saa za watu,
hapa Mtwara mjini, mlango wa tatu
ukitoka duka la saruji.

Bibi, nikamwambia, ndege yetu ni moja
na mawingu ni yetu pia.
Desemba iliyopita ilifika mpaka juu ya Msangamkuu,
ikazunguka mara mbili, sote tukaisikia,
sisi tumeinua shingo, yenyewe haituoni,
ikarudi Dar na abiria wake
na keki ya harusi ya watu wa Shangani.
Walikata mkate wa kumimina.
Na barabara usiitaje. Maji yakipita juu ya daraja kule Somanga
hata mheshimiwa hulala garini.

Harusi inaweza kukata mkate.
Meli haina shemeji.
Saa kumi ikifika inavuta ngazi yake,
na wewe uko Johannesburg, unabishana na sanduku.

Basi nikampangia:
Jumatano, Mtwara hadi Dar. Ulale.
Alhamisi, Dar, Johannesburg, Durban. Ulale.
Ijumaa uamke, uoge, unywe chai taratibu,
uende ukaikute meli imekaa palepale.

"Kwa hiyo nalipia kusubiri?"
Ndiyo.
"Kitanda cha Dar, na kitanda cha Durban?"
Ndiyo, Bibi.

Alicheka mpaka akavua miwani.
Miaka thelathini na mmoja, wodi ya wazazi, Ligula.
"Nimesubirisha watu bure, wewe.
Mwanamume anasimama na beseni, na kanga, na chupa ya uji,
ananiuliza, Sista, saa ngapi?
Namwambia, mtoto hana ratiba,
vitu ungevileta jana."
Akanyamaza. Mvua ikaongea peke yake juu ya bati.
"Haya. Andika Jumatano."

Kwenye kurudi alitaka kunikimbiza tena:
meli inafunga gati alfajiri, yeye apande ndege saa tatu.
Nikasema, kufika siyo kushuka.
Watu elfu mbili, ngazi moja,
masanduku yamepangwa kama magunia ghalani
na kila mtu anasema la kwake ni lile la bluu.
Ondoka Jumamosi.
Hapo hakubisha. Alikuwa anaangalia karatasi.

"Hii siku ya katikati,
baada ya kushuka Dar, kabla ya kupanda tena,
mbona hamjaandika kitu?"
Haiandikwi, Bibi. Ni nafasi tu, kati ya mistari miwili.

Akachukua biro yangu, ile iliyofungwa kwa uzi,
akaandika mwenyewe, mwandiko wa kadi za kliniki:
*Temeke. Kwa Somoe.*

Somoe ni mdogo wake.
Hawajasemezana tangu igawanywe mikorosho ya baba yao
kule Nanyamba, mistari saba kwa mistari tisa.
Mji mzima unajua. Nami nikajifanya natafuta mhuri.

Januari alirudi, mwavuli uleule,
ngozi imeng'aa kidogo kwa jua la baharini.
Meli ilikuwaje?
"Kubwa," akasema. "Wanakula sana."
Akakaa. Akafungua mkoba, akaufunga.
"Hakunikaribisha, ujue. Alikuwa anapepeta mchele,
akaendelea kupepeta.
Nikavuta ungo wa pili."

Halafu bahasha, nyembamba kuliko ile ya kwanza.
"Nikatie tena."
Meli ipi, Bibi?
"Meli ya nini? Ile Jumatano."

Na ya kurudi?
Alishaufungua mwavuli, mlangoni.
"Ya kurudi," akasema, "iache kwanza."